Upande wa Kupumulia

Nyinyi mnaokaa karibu na maji, yawe ya ziwa au ya bahari, na hata nyinyi ambao maji mengi mnayoyajua ni ya kwenye pipa, nipeni sikio kidogo. Nina habari ya nyumba moja ya hapa Iskandaria, nyumba ya watu wema wanaosalimia majirani na kulipa wema kwa wema, na jinsi mtu mmoja wa nyumba hiyo alivyowaumiza wenzake kwa kupenda sifa. Mimi mwenyewe nimo ndani ya habari hii, na simo kwa upande mzuri. Mtaona.

Ufuko wetu wa Sidi Bishr, Ijumaa asubuhi wakati wa baridi, ni mahali pa raha kuliko wanavyojua wageni wa kiangazi. Miavuli imeondolewa, viti vimefungwa minyororo, na mchanga umebaki kuwa wa paka na wa wazee wanaotembea kwa amri ya daktari. Nilikuwa na kibanda juu ya mawe, nikiuza chai na kutunza nguo za waogeleaji. Waogeleaji wetu si wale wa kuchezea maji ya magotini. Hawa huenda hadi kile kisiwa kidogo cha mawe mbele ya ufuko wa jirani uitwao Miami, hukigusa, hurudi, na hufanya hivyo hata Januari, wakati wenzao wamejifunika mablanketi mawili.

Kati yao walikuwamo Raafat na Wagdi. Raafat ni fundi wa majokofu, mtu wa miaka arobaini na miwili, mabega kama mlango. Wagdi ni mdogo wa mke wake, dereva wa tramu, mwembamba, mdomo wake haupumziki. Miaka sita walikuwa wakiogelea pamoja kila Ijumaa, na utani wao niliuzoea kama kelele za shakwe.

"Wewe unaogelea kama unavyoendesha tramu," Raafat alimwambia asubuhi moja wakivua mashati. "Kila mahali unasimama."

"Angalau mimi hufika na abiria wote, shemeji," akajibu Wagdi. "Ami, nitunzie hii suruali. Ndiyo inayonipa heshima kwa mama."

Desturi ya waogeleaji wale ilikuwa hii. Watu huingia wawili wawili. Mwenye nguvu hukaa upande wa bahari kuu, mnyonge hukaa upande wa ufuko, na kila mmoja akitoa kichwa kupumua humwelekea mwenzake. Ukivuta pumzi, unamwona. Usipomwona, unasimama. Hawana filimbi wala kamba ya kuwaunganisha. Jicho ndilo kamba yao. Na kwa kuwa wakati wa kurudi bahari inakuwa mkono mwingine, wakifika kisiwani hushika jiwe, hubadilishana pande, huulizana "uko sawa?", ndipo hurudi. Huko kubadilishana huchukua kama nusu dakika.

Nusu dakika hiyo ndiyo iliyoileta shida.

Raafat alikuwa amenunua saa. Si saa ya kujua wakati wa sala au wa kufunga karakana. Saa hii ilipima alivyokwenda, mbali gani na kwa dakika ngapi, kisha ikayapeleka yote kwenye simu, na huko waogeleaji wa Port Said, wa Beirut na wa Tunis wakayaona na kumsifu. Watu ambao hakuwahi kunywa nao hata kahawa. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Baada ya miezi michache, mkewe Inshirah aliniambia kwamba mumewe huamka usiku kwenda chooni na kurudi baada ya nusu saa, uso umemulikwa na simu.

"Nimemuuliza kama ameoa mke wa pili," alisema. "Akasema, 'Ni watu wa Tunis tu.' Afadhali angeoa, ami. Mke wa pili angalau ningeweza kugombana naye."

Tukacheka. Mambo mengi mabaya, ndugu zangu, hupita mlangoni huku watu wakicheka.

Basi ikaja ile Ijumaa, tarehe mbili ya Desemba. Watu wa Iskandaria wana hesabu yao ya dhoruba za baridi. Kila dhoruba wanaiita nawwa, na kila nawwa ina jina lake na siku yake ya kufika, kama mgeni aliyetuma barua. Wanazihifadhi kichwani kuliko siku za kuzaliwa za watoto wao. Ile iitwayo Qasim hungojewa tarehe nne ya Desemba.

Wagdi alisimama kwenye jiwe, miwani ya kuogelea imekaa kwenye paji la uso, akaangalia upande wa magharibi.

"Shemeji, upepo huu siupendi."

"Qasim ni tarehe nne. Leo ni tarehe mbili. Au kuendesha tramu kumekusahaulisha hesabu?"

"Qasim hajatia sahihi popote."

"Babu yako alihesabu hivyo, na babu yake alihesabu hivyo. Wewe ni nani? Ami, mwambie. Qasim lini?"

Mimi nimeishi mji huu miaka thelathini na moja, na bado wauza samaki huniuliza nimetoka wapi. Nilitaka kuonekana mwenyeji. Sikuangalia anga. Nikasema, kwa sauti ya mtu ajuaye, "Tarehe nne."

"Umesikia?" akasema Raafat, akafunga kiunoni boya lake la rangi ya machungwa, lile wanaloburuta nyuma ili waonekane. Wagdi naye akafunga lake. Wakaingia.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Niliyaona maboya mawili yamekwenda sambamba, Raafat upande wa bahari, Wagdi upande wa ufuko, kama inavyotakiwa. Walipofika kisiwani nilingoja nione wakibadilishana. Raafat aligusa jiwe kama mtu anayegusa sufuria ya moto, akageuka papo hapo. Wagdi akageuka nyuma yake. Hivyo mnyonge ndiye aliyebaki upande wa bahari, na mwenye nguvu akapata upande wa ufuko. Niliona. Nikajua kwamba si desturi. Nikasema moyoni, wao ni watu wazima.

Kisha upepo ukaja. Haukungoja tarehe nne.

Yaliyotokea majini alinieleza Raafat mwenyewe, baadaye sana. Mawimbi yalimpiga kutoka kulia, upande alipokuwa Wagdi. Kila alipogeuza uso kulia kumtazama alimeza maji, na kila alipomeza maji alipoteza sekunde. Kushoto, kuelekea ufuko, pumzi ilikuwa safi. Akasema: nitapumua kushoto mara tatu tu, kisha nitatazama. Zikaisha tatu. Akasema tatu nyingine. Hakugeuza uso kulia mpaka vidole vyake vilipogusa mchanga.

Na mimi juu ya mawe? Niliona boya moja limekaribia na jingine liko mbali. Baadaye nikaona moja tu. Nikajiambia kwamba mawimbi yanalificha lile la pili, nikaenda kuchochea jiko.

Raafat alitoka akihema, akabonyeza saa yake kabla hajasimama sawasawa.

"Arobaini na nane, ami. Dakika arobaini na nane, na upepo wote huu. Nipe simu yangu."

"Wagdi yuko wapi?"

"Nyuma. Unamjua, kila kituo anasimama."

Vidole vilikuwa vimelowa na simu ikawa haimtii. Akachukua taulo langu la kufutia glasi, akaifuta simu, akafuta vidole kimoja kimoja, akaipiga picha saa iliyo mkononi. Picha ya kwanza haikutoka vizuri. Akapiga ya pili. Akaanza kuandika. Nilikuwa na saa ya ukutani kibandani, na macho yangu yaliiangalia kwa sababu sikutaka kuangalia bahari. Dakika nne. Ndipo akainua kichwa, akatazama bahari.

"Ami," akasema polepole. "Hayuko."

Aliruka majini, hiyo ni haki yake na simnyimi. Lakini aliyemwokoa Wagdi ni Gharib, mchuma ritsa, wale wadudu wa baharini wenye miiba ambao hapa huliwa wabichi kwa ndimu. Gharib hupiga mbizi kwenye miamba akiwa na mpira wa ndani wa gurudumu la lori wa kuwekea mavuno yake. Naye alikuwa anakimbia bahari ile. Alilikuta boya, na chini ya boya mtu, uso majini. Akamwaga ritsa zote, akamlaza Wagdi juu ya mpira, na Raafat alipowafikia wakamsukuma pamoja hadi mchangani. Wagdi alikuwa amegeuka buluu. Gharib alimkandamiza kifua akihesabu kwa sauti, na miiba ya ritsa imemjaa viganjani, mpaka gari la wagonjwa likafika.

Hospitalini Wagdi alilala siku mbili bila kufungua macho. Siku ya kwanza hiyo hiyo, kwenye ukumbi, mbele ya mlango wa chumba, Inshirah alimshika mumewe mkono.

"Ilikuwaje?"

Raafat alikuwa bado na chumvi kwenye nyusi. Akasema, "Aliniambia niende mbele. Pale kisiwani. Alisema amechoka, atarudi polepole kwa kufuata ufuko. Nilimkatalia, akashikilia."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, nimekumbatia nguo za Wagdi. Inshirah akanigeukia.

"Ami, ndivyo?"

"Mimi nilikuwa mbali, binti yangu," nikasema.

Uongo mtu anaweza kuubishia. Jibu langu halikuwa na pa kushika.

Wagdi alipozinduka, wakamwambia alivyosema kisiwani. Alikunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Mimi nilisema hivyo?" Mama yake, Hajja Dawlat, ambaye siku hizo mbili hakuketi, akaanza kumfokea palepale kitandani. "Ulitaka kunizika nikiwa hai? Shemeji yako anakuvumilia miaka sita, na wewe unamwambia akuache?" Naye akaomba radhi. Akamwomba mama yake, akamwomba dada yake. Alipopata nguvu za kutembea alikwenda nyumbani kwa Raafat na sinia la basbusa, ile keki ya shira.

"Shemeji, nisamehe. Ningekufa, watu wangesema wewe ndiye uliyeniacha. Nimekuponza bure."

Inshirah ndiye aliyenisimulia. Alisema Raafat alilipokea sinia, akaliweka mezani, akaingia bafuni na kufungua bomba, na bomba likamwaga maji muda mrefu. Alidhani mumewe anatawadha.

Mwezi uliofuata Wagdi alikuja kibandani kwangu siku ya kazi, saa za kazi, amevaa nguo za nyumbani.

"Tramu imekuacha?" nikamtania.

"Nimeiacha mimi. Nimekwenda kwa msimamizi, nimemwambia aniweke karakana, nioshe mabehewa. Hakutaka. Nimemlazimisha."

"Kwa nini, mwanangu?"

Akazungusha glasi ya chai mara mbili tatu. "Kichwa changu kimeharibika kule majini. Nakumbuka kitu ambacho hakikutokea. Nakumbuka Raafat yuko mbele yangu na mimi namwita. Namwita kwa jina. Naliona boya lake linakwenda, naita tena. Nakikumbuka kama ninavyokuona wewe. Na kumbe mimi ndiye niliyemwambia aende. Sasa kichwa cha namna hii, ami, si kesho kitakumbuka taa ya kijani na kumbe ni nyekundu? Nyuma yangu kuna watu mia wanakwenda shule na kazini."

Ndugu msomaji, hapo ndipo mahali ambapo mtu yeyote mwenye utu angefungua mdomo. Ningesema: mwanangu, kichwa chako ni kizima, huyo aliyekuambia ndiye mgonjwa. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Nikafikiria ndoa ya Inshirah. Nikafikiria kwamba mimi ni mtu wa kuja, na ya watu si yangu. Nikamwongezea sukari.

Mwanzo wa Machi Hajja Dawlat alialika watu kwa chakula cha Ijumaa, wali wa kahawia na samaki, kumshukuru Mungu kwa uzima wa mwanawe. Gharib alialikwa na hakuja. Alisema ana haya kwa sababu ya mikono yake. Mimi nilikwenda. Tulikuwa Hajja, Wagdi, Raafat, Inshirah na binti yao Mahasin, aliyekuwa na miaka kumi na sita na mabega ya baba yake.

Mahasin alikuwa anachambua miiba ya samaki. Akasema, bila kumwangalia mtu, "Baba, bahari ikitulia nitaingia na wewe. Niwe mwenzako. Mimi sitakuambia uniache, kama mjomba."

Wagdi akacheka. "Sawa kabisa. Rithi kila kitu, kichwa cha mjomba wako kiache."

Raafat akaweka kijiko chini. "Hutaingia na mimi."

"Kwa nini? Naogelea vizuri."

"Unaogelea vizuri. Hutaingia na mimi." Kisha akasema, "Mjomba wako hakuniambia nimwache."

Hajja aliendelea kupakua wali kama hakusikia. Inshirah ndiye aliyesema, "Rudia."

"Hakuniambia lolote. Sikusimama kisiwani. Sikubadilisha upande. Nilimwacha upande wa bahari, nikapumua kushoto mpaka mchangani, sikumtazama hata mara moja. Nilipotoka nikapiga picha saa."

"Shemeji," akasema Wagdi kwa upole, "unanihurumia. Usijitwishe yangu."

"Si yako, Wagdi."

"Ulikaa muda gani na hiyo saa?" akauliza Hajja.

"Sijui, mama."

"Dakika nne," nikasema mimi.

Wote wakanigeukia. Sauti ya Inshirah haikupanda hata kidogo. "Na wewe si ulikuwa mbali, ami?"

Nikaisukuma sahani yangu kando.

Wagdi alikuwa amekishika kichwa chake kwa mikono miwili, vidole ndani ya nywele.

"Basi nilikuita," akasema.

"Sikusikia, wallahi."

"Sikuulizi kama ulisikia. Nasema nilikuita. Nilikuita kweli." Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamgeukia, na Mahasin akainuka akaenda kumkumbatia kwa nyuma, akilia kwa yale aliyoyasema yeye juu ya mjomba. Raafat alitaka kuinuka naye. Hajja Dawlat akamwonyesha mlango kwa kijiko kile kile cha kupakulia.

Inshirah na binti yake walibaki kwa Hajja hadi katikati ya kiangazi. Baadaye alirudi kwa mumewe, lakini hupika na kula baada yake. Wagdi alirudi kwa daktari, akapimwa upya, na kichwa kikaonekana kizima. Kifua ndicho kilichokuwa kimeharibika, na mtu mwingine alikwisha kupewa tramu yake. Hadi leo anaosha mabehewa.

Raafat alimfuata huko karakana, akasimama getini na kofia mkononi. Mimi nilikuwapo kwa shughuli yangu mwenyewe, ya kuomba radhi, na nilisikia alichoambiwa.

"Ya bahari nimekusamehe," Wagdi alisema. "Bahari ni bahari, mtu huogopa. Lakini miezi mitatu umeniangalia nikijiona mwendawazimu, ukala basbusa yangu. Kwa hilo, uningoje."

Huu ni mwaka wa tatu. Kila Ijumaa, saa zile walizokuwa wakiogelea, Raafat huenda karakana, hukunja suruali, huchukua brashi na kuosha mabehewa upande mmoja huku Wagdi akiosha upande wa pili. Hawazungumzi jambo hilo. Wagdi hajamfukuza, wala hajasema kungoja kumekwisha.

Mafunzo

Sikuandika haya ili mumchukie Raafat. Raafat ni wengi. Tamaa ya sifa haimtaki mtu awe mbaya. Humtaka tu ageuze uso upande ambao pumzi ni rahisi, mara tatu, kisha tatu nyingine. Ukiwa na mwenzako majini, safarini, kazini au ndoani, upande wako wa kupumulia ni ule aliko yeye, hata kama huko ndiko yanakotoka mawimbi. Ukishindwa, simama.

La pili ni zito zaidi. Kumwacha mtu kwa hofu au kwa upuuzi ni kosa, na makosa yana toba. Lakini kumfanya aliyeumizwa aombe radhi, kumfanya atilie shaka macho na masikio yake mwenyewe ili sisi tubaki wasafi, huko ni kumzamisha mara ya pili akiwa nchi kavu. Sema kweli siku ile ile, ukiwa bado umelowa. Kila siku unayoichelewesha, mwenzako ndiye anayeilipia.

Na nyinyi wa ufukweni, wenzangu, msiojua kuogelea na mnaojua kunyamaza: anayeona naye ana zamu yake. Kama nyumba itavunjika kwa kweli, basi ilikuwa imesimama juu ya mgongo wa mtu. Wakiingia wawili, hesabuni wawili wakitoka, na mkimwona mmoja tu, pigeni kelele kabla chai haijachemka.